Picha za siku ile ya bustani ya burudani: namna ya kuzisoma, kuziskani na kuzitunza

Katika albamu yetu kuna picha ambayo kwa miaka mingi niliihesabu kuwa mbovu. Dada yangu, ana miaka mitano hivi, amesimama mbele ya farasi wa kuzunguka, puto jekundu mkononi, uso ameukunja kwa jua. Kuanzia karibu na viatu vyake hadi ukingo wa chini pametanda kivuli cha mtu: kichwa chenye kofia pana, viwiko vimetanuka kama vishikio vya sufuria. Nilipoiskani mara ya kwanza nilikikata kile kivuli chote, nikajipongeza kwa kazi safi. Mama alipoiona kwenye simu akauliza, "Sasa baba yenu umempeleka wapi?"

Kwake, kivuli kile ndiye baba, mtu aliyeshika kamera siku nzima na kwa sababu hiyo haonekani popote. Nikarudi kwenye albamu nikaanza upya, safari hii kwa mpangilio wa kinyume: kusoma kwanza, kuskani baadaye, kurekebisha mwisho kabisa. Mpangilio huo ndio nitakaoufuata hapa.

Kabla hujagusa kitu

Piga picha albamu nzima kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kama ilivyo, na plastiki yake na madoa yake. Hizi si picha za kutunza, ni kumbukumbu ya mpangilio. Aliyezibandika alikuwa anajua nini kilitangulia, na ukishazichomoa na kuzirundika mezani ujuzi huo umepotea. Kila ukurasa upe herufi, kila picha namba: A1, A2, B1. Namba hizo zitafuata picha mpaka kwenye jina la faili.

Kisha kusanya ndugu zake wote. Bahasha za studio zilizobaki na negativu (vipande vya filamu ambavyo picha ilichapwa kutokana navyo), visanduku vya slaidi (vijipicha vya filamu ndani ya fremu, vya kuonyeshwa ukutani kwa mwanga), ramani ya bustani iliyokunjwa mara nane, vipande vya tiketi. Watu hutupa bahasha kwa sababu "picha tunazo", na hapo ndipo hasara inapoanza, maana negativu ina habari nyingi kuliko picha iliyochapwa kutokana nayo. Tiketi nazo husema. Disneyland ya California, kwa mfano, iliuza vitabu vya tiketi zenye herufi mpaka mwaka 1982. Herufi E, iliyoongezwa mwaka 1959, ndiyo iliyokuwa ya michezo mikubwa. Ukikuta kitabu kimebaki A na B tu, ujue watoto walijua walichokitaka.

Meza iwe kavu na safi, mikono ioshwe na ikaushwe, bila losheni. Picha ishikwe kingoni. Vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira au lifutwe kwa brashi laini. Usitumie mate, maji wala spiriti.

Kuzitoa kwenye albamu ya kunata

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika ziliwaingia watu wengi majumbani, na zimeharibu picha nyingi. Gundi huzeeka, mahali pengine hukauka picha ikadondoka yenyewe, mahali pengine hung'ang'ania kama utomvu.

Chukua uzi wa kusafishia meno usio na ladha. Upitishe chini ya kona moja, kisha uvute kushoto na kulia kama msumeno, ukiuweka sambamba na ukurasa. Picha ibaki imelala; kinachosogea ni uzi. Nenda taratibu mpaka upande wa pili. Ukikutana na mahali pagumu, toka uingilie kona nyingine. Watu wengine hupasha mgongo wa ukurasa kwa mashine ya kukaushia nywele, moto mdogo, sekunde chache. Hufaa, ila ni njia ya mwisho, na kwa Polaroid, zile picha zinazojitengeneza zenyewe zikitoka kwenye kamera, sahau kabisa: kemikali za Polaroid zimefungwa ndani ya fremu yake nyeupe, hivyo usizipashe, usizikunje, wala usikate fremu ili zikae vizuri kwenye albamu mpya.

Mimi nilivuta moja kwa kucha. Ilikunjika kidogo tu, kama karatasi ya kawaida, lakini tabaka la juu likapasuka kwa mstari mwembamba uliopita juu ya shavu la binamu yangu. Mstari ule haurudi. Kwa hiyo kanuni yangu sasa ni fupi: picha isiyotaka kutoka haitoki. Iskani ikiwa hapo hapo, ukurasa mzima juu ya kioo cha skana. Vivyo hivyo kwa picha iliyogandamana na kioo cha fremu. Iskani na kioo chake.

Jambo moja la pua. Ukifungua bahasha ya negativu ukasikia harufu ya siki, plastiki yake imeanza kuoza, na mvuke wake huharakisha uozo wa zile za jirani. Zitenge, na ziskani kabla ya kitu kingine chochote.

Kusoma picha

Hii ndiyo sehemu tamu, na wengi huiruka. Swali la kwanza huwa "ilikuwa mwaka gani?" na kila mtu nyumbani ana jibu lake, kwa sauti kubwa. Waache wabishane, wewe geuza picha.

Anza na vitu vyenyewe. Negativu ya mraba ya milimita 28 kwa 28 imetoka kwenye kaseti ya filamu ya aina ya 126, iliyoingia sokoni pamoja na kamera za Instamatic za Kodak mwaka 1963. Negativu ndogo ya milimita 13 kwa 17 ni ya aina ya 110, ya kuanzia 1972. Kisahani cha duara chenye vijipicha 15 ukingoni ni filamu ya diski, ya kuanzia 1982. Polaroid ya mraba yenye fremu nyeupe, pana zaidi upande wa chini, iliyojitengeneza yenyewe mkononi mwa mpigaji, ilianza na kamera ya SX-70 mwaka 1972. Vyote hivi vinakupa mwaka wa mapema kabisa unaowezekana, si mwaka wenyewe. Kamera ya 1963 inaweza kuwa bado inafanya kazi mwaka 1980 mikononi mwa mjomba asiyependa kununua vitu.

Pembezoni mwa picha nyingi za zamani, na kwenye fremu za slaidi, studio zilichapa mwezi na mwaka. Hapo pana mtego. Tarehe ile ni ya siku filamu iliposafishwa, si siku ilipopigwa. Filamu ya picha 24 iliyopiga 15 bustanini ilikaa ndani ya kamera ikisubiri sherehe nyingine ili iishe. Kama ukingo unasema Desemba na watoto wamevaa kaptula huku jua linawaka, wala usishangae. Andika "kabla ya au Desemba", basi.

Kisha soma bustani yenyewe. Bustani za burudani hujengwa, hubomolewa na kupakwa rangi upya kila mara, kwa hiyo nyuma ya watu wako kuna kalenda. Disneyland ya Anaheim, ile ile ya California, ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, lakini mlima wake wa bandia, Matterhorn, ulikuja 1959. Picha ya Disneyland yenye mlima ule haiwezi kutangulia mwaka huo. Na kama vibanda vya kuning'inia kwenye waya vinaonekana vikipita katikati ya mlima, picha ni ya kabla ya mwisho wa 1994, maana ndipo vilipoondolewa. Kule Florida Disney ina bustani nyingine: Magic Kingdom ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 na EPCOT tarehe 1 Oktoba 1982. Kasri ya Cinderella ya Florida ilivikwa sura ya keki kubwa ya waridi kwa ajili ya kutimiza miaka 25, kuanzia Oktoba 1996 hadi Januari 1998. Ukiwa na picha ya keki ile, umeshapata dirisha la miezi kumi na sita bila kumuuliza mtu. Vilevile mkono mkubwa wa Mickey wenye fimbo ya uchawi juu ya tufe la EPCOT ulikuwepo kati ya 1999 na 2007 tu.

Usidanganywe na kasri peke yake. Ya Anaheim ni fupi, mita 23 hivi, na ya Florida inakaribia mita 58, kwa hiyo hizo mbili hazifanani ukizitazama na watu miguuni pake. Lakini ya Tokyo, iliyofunguliwa 1983, imefuata ile ya Florida kiasi cha kuchanganya. Tafuta maandishi ya vibao nyuma ya vichwa vya watu.

Kwa bustani nyingine yoyote, kazi ni ile ile. Tafuta mwaka ulipofunguliwa na kufungwa kila mchezo unaoonekana: gurudumu kubwa, kitreni cha kasi, mashua za majini. Mchezo mpya zaidi unakupa mwanzo, na mchezo uliobomolewa mapema zaidi unakupa mwisho. Katikati yake ongeza meno. Mtoto asiye na meno mawili ya mbele ana miaka sita au saba, na hilo ni sahihi kuliko kumbukumbu ya shangazi yeyote.

Mpangilio wa siku

Pembeni mwa negativu za milimita 35 kuna namba: 12, 12A, 13, 13A. Hizo ndizo saa ya siku yenu. Weka mikanda juu ya kitu cheupe chenye mwanga, skrini ya simu iliyofungua ukurasa mtupu inatosha, uifuatishe kwa namba. Sisi tulikuwa na mikanda mitatu. Namba 9A ni lango na foleni. Namba 11A puto linaonekana kwa mara ya kwanza, kamba imefungwa kwenye kifundo cha mkono wa dada. Namba 14A ndiyo ile ya farasi. Namba 16A amekaa benchi, macho yamevimba, kamba ipo mkononi na puto halipo. Katika albamu picha ya kilio ilikuwa imebandikwa kabla ya picha ya farasi, na sote tulikua tukiamini kwamba alilia kwa kutaka puto. Kumbe alilia kwa kulipoteza.

Angalia na vivuli. Kivuli kifupi ni mchana, kirefu ni asubuhi au jioni, na namba za negativu zitakuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Kuskani

Hapa watu huhangaika bure kuliko mahali pengine. Kwa picha za karatasi, nukta 600 kwa inchi zinatosha. Picha ya sentimita 9 kwa 13 itakupa faili lenye takriban pikseli 2,100 kwa 3,000, ambalo unaweza kulichapa mara mbili ya ukubwa wa asili bila aibu. Ukipanda hadi 1,200 mara nyingi huongezi uso wa mtu, unaongeza ukungu na nyuzi za karatasi. Isipokuwa kijipicha kidogo mno, hapo 1,200 ina haki yake. Negativu na slaidi za milimita 35 zinataka nukta 2,400 hadi 4,000.

Zima kila kinachojiita "boresha": kunoa, rangi za otomatiki, kuondoa vumbi. Skani kwa biti 48 (kina kikubwa zaidi cha rangi) kama skana yako inaruhusu, hasa kwa picha zilizopauka, uhifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. Faili moja la picha ya karatasi litakuwa na megabaiti 40 hivi. Picha 100 ni gigabaiti 4, mzigo ambao flashi ya kawaida inaubeba. JPEG, faili dogo zaidi, tengeneza baadaye, kwa ajili ya kutumiana. Skani pamoja na kingo zote na mgongo wa picha ukiwa na maandishi, hata kama ni namba ya studio tu.

Picha za karatasi yenye vijinundu, zile unazozihisi kama kitambaa ukizipitishia kidole, hutoa vinyota vya mwanga kila mahali. Dawa yake: skani mara moja, igeuze picha kichwa chini, skani tena, kisha kwenye programu ya picha zipandishe moja juu ya nyingine zikielekea upande mmoja, ya juu ukiipa uwazi wa asilimia 50. Mwanga wa skana umepiga vinundu kutoka pande mbili, kwa hiyo vivuli vyake hufutana kwa sehemu kubwa. Inachosha. Ifanye kwa zile tatu nne unazozipenda.

Huna skana? Simu inaweza, ukiwa na subira. Laza picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, taa ya juu uizime, simu ikae sambamba na picha kabisa na si karibu mno. Rudi nyuma kidogo kisha ukuze. Ukiona mng'ao, geuza picha, usiinamishe simu.

Rangi

Picha nyingi za rangi za miaka ya 1960 na 1970 zimegeuka nyekundu kama zimepigwa machweo. Sababu ni kwamba rangi kwenye karatasi ile ni tatu, samawati, zambarau-nyekundu na njano, na ile samawati hufifia mapema hata gizani ndani ya albamu. Kilichobaki ni joto tupu.

Fungua nakala, kamwe si TIFF ya asili. Kwenye programu ya picha ingia kwenye grafu ya viwango (Levels), uchague nyekundu peke yake, kisha kijani, kisha bluu. Kwa kila moja vuta ncha mbili za mwisho mpaka pale grafu inapoanza kuinuka. Mara nyingi dakika moja ya kazi hiyo inarudisha anga. Halafu tafuta kitu unachojua kilikuwa cheupe au kijivu, shati, lami ya njia, usawazishe rangi kwa hicho. Ukingo mweupe wa picha usiutumie, wenyewe umeingia umanjano. Acha kabla hujaridhika kabisa. Picha ya zamani yenye kijani cha uwanja wa mpira wa jana inatia mashaka.

Kuhusu programu zinazonoa nyuso zenyewe, nina neno gumu. Uso wa bibi uliosimama mita ishirini kutoka kwenye kamera ni madoa kumi na mawili. Programu haiurudishi, inabuni mwingine. Niliwahi kupata bibi mwenye meno ya mtu nisiyemjua, mazuri sana. Ukitaka kucheza, cheza, ila jina la faili liseme kwamba limebuniwa, maana wajukuu hawatajua.

Majina na maelezo

Faili liitwe kwa mwaka kwanza: 1979-08_bustani_B3_neg14A. Hivyo kompyuta itazipanga yenyewe. Usichokijua kiache, 1979-00 ni bora kuliko mwezi wa kubahatisha. Maelezo yaingize ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu ya maelezo ya picha, si kwenye daftari pekee. Tarehe ambayo skana imeiandika ni ya leo, kwa hiyo ibadilishe, la sivyo simu ya kila mtu itasema dada yako alikuwa na miaka mitano wiki iliyopita. Nyuma ya picha yenyewe andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya.

Kisha kaa na wazee. Usiulize "huyu nani?" peke yake, maana jibu ni jina tu. Uliza nani alibeba chakula, nani alitapika, tulirudi saa ngapi, kwa nini fulani hakuja. Washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yao. Wakipishana, andika kauli zote mbili na jina la msemaji.

Kuhifadhi

Picha asili ziingie kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi au mifuko ya polipropilini au poliesta. Ile plastiki laini ya PVC yenye harufu ya zulia jipya, hapana. Kabati la ndani ya nyumba ni bora kuliko darini au stoo ya chini, kwa sababu maadui ni joto na unyevu unaopanda na kushuka. Mafaili yawe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Ukimpa ndugu yako diski, umeshamaliza hiyo ya tatu. Kabla ya kuzirusha mtandaoni waulize waliomo. Mtu mzima wa leo anaweza asipende kuonekana akilia kwa puto.

Nilipofika kwenye namba 14A niliiskani kutoka kwenye negativu badala ya karatasi. Studio zikichapa hukata ukanda mwembamba kila upande, na humo chini kabisa, mahali karatasi iliishia, kivuli kiliendelea. Kwenye kiwiko cha kushoto kulikuwa kunaning'inia mkoba. Nikatazama 13A: farasi wale wale, na aliyesimama kando ya dada ni baba, kichwa wazi, mikono mitupu.

Nikampelekea mama zote mbili. Alikuza kwa vidole viwili, akakaa nayo muda mrefu. "Ule mkoba ulikuwa wa ngozi," akasema. "Kumbe ni mimi." Kwenye maelezo ya faili nimeandika: Kivuli: mama, kwa ushahidi wa mkoba na negativu 13A. Mama mwenyewe alidhani ni baba.